Mwaka Muvi Zilipotuangusha Nangurukuru

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya shule, kwa sababu ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo. Bosi akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Hapa hatufundishi. Shika geti." Kushika geti ni kusimama mlangoni pa banda la video, unapokea kiingilio, unanyanyua pazia jeusi mtu apite, halafu unalishusha haraka mwanga usije ukaiua picha. Hiyo ndiyo ajira yangu ya kwanza baada ya kidato cha nne, pale Nangurukuru, nyuma ya stendi, njia ya Masoko inapoachana na barabara kuu.

Najua nyie wadogo zangu mna simu, muvi mnaangalia mmelala. Mtaona kama nawasimulia mambo ya zamani sana. Ni juzi tu. Lakini kazi ile haipo tena, na mimi nimeshastaafu nikiwa na miaka ishirini na moja, kwa hiyo naandika kabla sijasahau. Subira sina, vya kuruka nitaruka.

Geti nilikaa miezi mitatu, nikapandishwa cheo kwenda mitambo. Mitambo yenyewe ni runinga moja kubwa, sabufa mbili, na rimoti iliyofungwa mpira wa baiskeli. Muvi zilikuwa zinakuja kwenye flashi, kondakta wa basi la Dar anatupa bahasha dirishani, mimi nadaka. Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mtafsiri Mkuu, mtu mzima kidogo, anakaa juu ya kreti la soda pembeni ya runinga na kipaza mkononi, anawasemea wote waliomo kwenye picha. Mzee, mtoto, mbwa, wote yeye. Kiingereza alikuwa anakijua nusu, Kikorea hata neno moja hakijui, lakini nyuso za watu alikuwa anazisoma vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Yeye ndiye aliyenifundisha sheria ya mchana. Mabasi ya asubuhi yakishapita, akina mama wauza korosho wa stendi wanakuwa hawana kazi mpaka yale ya jioni, basi wanakuja kwetu kukaa kivulini na kuangalia muvi, wengine na watoto mgongoni.

"Mchana hapa wanakuja mama zako," aliniambia. "Wa kwenye picha wakishikana mikono, ni ndugu. Wakikumbatiana, ni ndugu waliopoteana. Wakianza kusogezeana nyuso, mimi nakohoa, wewe unasogeza mbele."

"Na wakioana?"

"Muvi ya kuoana huweki mchana. Unaiangalia kwanza mpaka mwisho, peke yako. Mtafsiri asiyejua muvi yake inaishia wapi ni dereva asiyejua breki ziko mguu gani."

Nilicheka. Lakini ilikuwa inafanya kazi. Miaka yote banda lile limekaa pale, hakuna mama aliyewahi kuona aibu mbele ya mtoto wake.

Halafu ukaja mwaka wenyewe. Sijui huko zinakotengenezwa kulitokea nini, lakini muvi za mwaka ule zilituangusha. Steringi, yaani yule mkubwa wa muvi ambaye sote tunajua hafi, alikuwa anakufa ovyo, halafu sehemu ya pili yuko hai na hakuna anayeshangaa. Nyingine watu wanaruka angani mpaka unasinzia. Nyingine ilirekodiwa ndani ya ukumbi huko mbali, kichwa cha mtu kikawa kinapita mbele ya picha anakwenda chooni. Vijana wakaanza kutoka katikati. "Hii kitu inazingua," wanasema, wananiachia pazia wazi. Mwisho Mtafsiri Mkuu mwenyewe akaweka kipaza chini. Akasema mdomo wake umechoka kuupamba ujinga, akapanda basi la Lindi kwenda kuuza spea za pikipiki.

Bosi akanikabidhi kipaza. Hakunipongeza. "Mpaka mwezi wa mfungo uandame," alisema. "Mabenchi yakijaa mchana, banda linaendelea na wewe unaendelea. Yasipojaa, hapa naweka saruji."

Nilikitaka kile kipaza kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Usiniulize kwa nini. Pengine ni vile ndani ya banda kulivyokuwa. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, jua la saa nane linapita linashuka nyuzi nyembamba, vumbi linapanda taratibu ndani yake, na watu wamekaa chini ya zile nyuzi kama wamelala macho wazi. Ukisema kitu kwenye kipaza, huoni mdomo wako. Unasikia tu sauti inatoka ukutani, na wewe mwenyewe unaiamini.

Ikaja sizoni moja ya Kikorea, yaani muvi ndefu ya kuendelea siku hadi siku, sehemu ya kwanza tu. Ya pili kondakta alisema itafuata. Mwisho wake sikuwa nao, na kusubiri siwezi. Nikaiweka.

Kiukweli ilikuwa mbovu. Binti mmoja muuza mikate na daktari mmoja kijana wanaangalia mvua dirishani, wanakunywa supu, hawasemi. Lakini mwanzoni walikutana stesheni, theluji inaanguka, wakakumbatiana. Na mimi nikafuata sheria. Nikasema, "Kaka yangu, miaka tisa nakutafuta."

Mama Somoe, muuza korosho aliyekuwa anakaa benchi la mbele kila siku, akaacha kubangua.

Nikaona nimepata. Wale hawasemi, basi nikawasemea. Yule binti nikamwita Zuhura. Nikasema baba yao alifariki akaacha nyumba, wakagombana, kila mtu akashika njia yake. Wakinywa supu, nasema wanakumbuka supu ya mama yao. Wakiangalia dirishani, Zuhura anawaza aanze vipi kuomba msamaha. Kila siku nilikuwa natunga, na theluji inaanguka tu, inaanguka, mpaka niliwaona akina mama wanajivuta khanga mabegani, na nje jua la Nangurukuru linapasua kichwa. Kuna wakati nilikuwa nasahau kama kuna nje.

Mabenchi yakajaa. Wengine wakawa wanakaa kwenye ndoo zao. Bosi akapita mlangoni, akahesabu vichwa kwa kidole, akaondoka bila kusema. Kwa Bosi hiyo ni sifa.

Siku moja Mama Somoe akanisubiri nje. "Kipaza," hivyo ndivyo alivyokuwa ananiita, "yule dada ndiye aliyeanza kumfuata kaka, au kaka ndiye alianza?"

"Dada ndiye alianza, mama."

"Hakuona kama anajishusha?"

"Aliona. Akaenda hivyohivyo."

Akaitikia "haya", akaenda zake. Kesho yake hakuonekana stendi. Wenzake wakasema amekwenda Rutamba kwa kaka yake, ambaye hawajasemeshana tangu walipogombea mikorosho ya baba yao. Sikujua nifurahi au niogope.

Sehemu ya pili ikafika yeye akiwa hukohuko. Nilitaka niiangalie kwanza. Bosi akasema, "Watu wamejaa. Weka." Nikaweka.

Haikufika nusu saa, Zuhura akatokea amevaa shela.

"Kipaza, mbona Zuhura kavaa shela?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Anamsindikiza bibi harusi," nikasema.

"Bibi harusi yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Daktari akaingia na suti na ua kifuani, wakasimama mbele ya mchungaji. Nikasogeza mbele. Wanavishana pete. Nikasogeza tena. Wanasogezeana nyuso. Nikasogeza sana, nikatua hospitali, Zuhura amelala kitandani na Daktari anabusu kichanga.

"Astaghfirullah," mtu akasema taratibu. "Kamzalisha dada yake."

Akina mama wakanyanyuka. Wakachukua watoto wao, wakatoka mmoja mmoja, na kila aliyenyanyua pazia aliingiza mwanga, picha ikawa inafifia, inafifia.

Bosi hakunigombeza. Alikuwa ameshapata dawa. "Kesho waambie flashi ilichanganyika. Ile harusi ni ya muvi nyingine, waigizaji walewale. Nani atajua? Bado wiki mbili mfungo, mabenchi yatajaa."

Na mimi nikakubali. Nililala nikiyakariri hayo maneno.

Kesho yake akina mama walikuja, hawakuingia. Wakasimama mlangoni wanangoja maelezo. Nikafungua mdomo, na Mama Somoe akatokea upande wa stendi na mkoba wake, vumbi la safari bado liko miguuni. Habari alishazikuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kipaza, niambie. Wale walikuwa ndugu au hawakuwa ndugu?"

Bosi alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Sentensi yote nilikuwa nayo kichwani, imepangwa vizuri. Lakini yule mama alikuwa ananiangalia machoni, si kwenye runinga.

"Hawakuwa ndugu, mama. Wachumba toka mwanzo. Wale ndugu niliwatunga mimi."

"Somoe," mwenzake mmoja akasema, "kumbe nauli yote ile mpaka Rutamba umewafuata wachumba wa watu." Wakacheka. Kicheko kibaya. Mmoja akaniambia nimewafanya watoto, na alikuwa na haki. Mama Somoe akahamisha mkoba bega la pili, akaondoka. Tangu siku hiyo mchana hakuja mtu. Mwezi ulipoandama mabenchi yalikuwa matupu, na Bosi hakuongeza hata siku moja. Nilimsaidia kutoa sabufa, malori yakashusha saruji.

Mkiniuliza muvi gani ilikuwa nzuri mwaka ule, nawaambia hakuna. Nilizitafsiri karibu zote, naongea kwa uzoefu. Kazini kwetu tulisema tunawasitiri akina mama, na nusu yake ni kweli. Nusu nyingine nilikuwa najinogeshea mwenyewe, sauti yangu ukutani. Siku hizi mchana nakaa tu, mara nyingine joto likizidi naiona ile theluji inashuka juu ya mapaa ya stendi, bila haraka, na sijui nimsemee nani.

Baada ya Idi nilipita pale stendi, Mama Somoe akaniita nikae. Nikaanza kumwomba radhi, akanikata.

"Kaka nilimkuta anapalilia," akasema. "Hakuniuliza nimefuata nini. Akamwambia mkewe aongeze maji kwenye sufuria." Akapepeta korosho kidogo. "Sasa wewe uliyesoma niambie. Nirudi nikamwambie turudishe ugomvi, eti wale wa kwenye runinga wameoana?"

"Hapana, mama."

"Haya basi," akasema, na basi la Mtwara lilikuwa linakunja kona kuingia stendi, akaubeba ungo wake kichwani akalikimbilia.