Nani Anazisoma Herufi za Felismina?

Felismina wa Magomeni ya kusini, si ile ya Dar, hata chumvi aliionja kwanza ndipo aitie mchuzini. Basi herufi zake zilipoanza kuchelewa, alijua kuna mtu anazisoma njiani.

Alikuwa karani wa wakala wa mizigo karibu na bandari. Shehena za korosho aliziandika kwenye programu kongwe, skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Kila herufi ilikwenda kwanza kwenye mashine kuu ya Dar, ikirudi ndipo ionekane. Siku hizi alibonyeza, akasubiri, akajipepea, kisha KOROSHO nzima ikaruka kwa mpigo kama vyura. Bosi wake, Bwana Samweli, alisema tatizo ni vidole: shehena ya leo ikikwama, kiti kile kina mtu mwingine.

Mshukiwa alikuwa mmoja: Innocent, fundi wa kompyuta, Mmakua wa Masasi, aliyefunga kiboksi kipya cha mtandao na kutabasamu bila sababu. Alipoulizwa, alisema njia ya Dar ameipima, ni safi. Mwizi naye hufagia alipopita, aliwaza Felismina.

Akamtegea. Kwenye maelezo ya mzigo aliandika: INNOCENT ANAKULA PANYA WA GHALA. Kisha akanyata hadi mlangoni kwa fundi, aone kama amenuna.

Innocent alikuwa anatafuna muhogo. Akamwonyesha kosa: tangu kiboksi kifungwe, programu haipeleki herufi moja moja, inazikusanya kwanza ili kupunguza safari.

“Kumbe mtumbwi wa Kilambo,” akasema Felismina. “Hauvuki mpaka ujae.”

Fundi akaizima tabia hiyo. Herufi zikakimbia, na kwa furaha Felismina akapeleka shehena yote, mtego ukiwa ndani.

Chai haijapoa, Dar wakapiga simu. Mzigo umezuiwa: ghala lina panya. Felismina akakiri kwa sauti ya chini. Samweli, mtu wa Moshi, alishaanza kumwambia akusanye vitu vyake, Innocent akaichukua simu.

“Shikamoo, mkubwa. Aliyeandika ni Mmakonde, mtani wangu huyu. Panya watoke wapi ghalani, na ndugu zake, walaji wenyewe, wamejaa mji mzima?”

Bahati yao, mpokeaji alikuwa Myao wa Tunduru, mtani wao wote wawili. Alicheka mpaka simu ikakoroma. Mzigo ukaachiwa. Samweli akawatazama kama mtu aliyekuta watu wanacheka msibani, akarudi ofisini kwake.

Felismina hakushukuru, mtani hashukuriwi. Ila jibu tamu vile halipikwi papo kwa papo. Sentensi yake huyu aliisoma lini?

Tangu siku hiyo, akiandika, huifunika kibodi kwa kanga.