Kikohozi cha Bibi Harusi Mlimani Kiroka

Ipo siku moja, mjukuu wangu, ambayo hata nikisahau jina langu lenyewe sitaisahau. Kaa hapa mkekani nikusimulie, na mkeo Zena naye asogee, maana nikitazama sana, maneno haya ni yake kuliko yako. Kesho alfajiri mnapanda lori lenu kwenda Iringa, wewe kwenye usukani na yeye ubavuni pako. Mimi pia niliwahi kukaa ubavuni pa dereva, ila gari letu lilivutwa na punda.

Ilikuwa enzi za Mdachi. Reli ilikuwa haijafika hapa Morogoro, na barabara ya Kisaki ilikuwa mpya, watu wametoka kuichimba kwa majembe na viboko. Babu yako Mkude alikuwa na gari la magurudumu mawili na punda wawili, akiwachukulia wafanyabiashara wa mjini chumvi na nguo kuzipeleka Kisaki. Safari ya siku nne hiyo, nyote mkiwa wazima. Mimi nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili. Dada yangu mkubwa alikuwa amejifungua huko Kisaki, basi Mkude akakubali nimsindikize nikamwone mtoto.

Sasa, usiku wa kuamkia safari rafiki yake alikuwa anaoa pale Bigwa, na Mkude alikuwa fundi wa ngoma. Akapiga ngoma mpaka jogoo akawika. Alirudi macho mekundu, akanawa uso, akaanza kufunga punda. Mama yake, Bi Mwanahawa, akamwambia alale kwanza, safari iwe kesho yake. Mkude akasema mawingu yameshakaa juu ya Uluguru, na mto Mvuha ukijaa hauvukiki. Kijana akishaona mawingu haoni kingine. Tukaondoka.

Kupanda mlima wa Kiroka hakukuwa na neno. Punda walikuwa wanavuta polepole na jua halijawa kali. Lakini nilimwona mume wangu kichwa kinamwanguka kifuani, kinainuka, kinaanguka tena. Mara ya kwanza nikajiambia amechoka tu. Mara ya tatu hatamu zilimlegea mikononi.

Nilitaka kusema. Mungu ni shahidi, neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini wakati wa kuchezwa unyago, somo yangu alinifunza kwamba mwanamke mgeni nyumbani hamwelekezi mume kazi yake, na heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Basi nikafanya nini? Nikakohoa. Usicheke, Zena. Nikakohoa mara mbili, tena kwa adabu, nikidhani kikohozi kitatosha kumwamsha mtu aliyekesha.

Pale juu mlimani, kabla ya kuteremka, wenye magari walikuwa na desturi ya kusimama. Walikata gogo zito, wakalifunga kwa mnyororo nyuma ya gari ili liburutike chini na kulizuia gari lisiwasukume wanyama. Hiyo ndiyo ilikuwa breki yetu. Nilipaona mahali pa kusimama panakuja. Nikamtazama Mkude: macho yamefumba. Nikapatazama tena pale mahali, panapita. Nikanyamaza.

Gari lilipoanza kuteremka, uzito wa chumvi ukawasukuma punda, nao wakaanza kukimbia. Mkude akazinduka, akavuta hatamu kwa nguvu zote, lakini ulikuwa umeshapita wakati wa hatamu. Akaruka chini na kuokota jiwe alitupie mbele ya gurudumu. Gurudumu likalikwepa jiwe, likampita yeye mguuni. Nilisikia sauti ya mfupa, mwanangu. Gari likagonga ukingo wa barabara likalala ubavu, nami nikatupwa juu ya magunia, na hiyo ndiyo sababu leo mnaniona. Punda mmoja alivunjika shingo. Yule mwingine alisimama akitetemeka, hataki kuguswa.

Watu waliokuwa wakipalilia mashamba ya Kiroka walitukimbilia. Walimtengenezea Mkude machela ya fito wakambeba kurudi Bigwa, nami nyuma nikilia njia nzima.

Bi Mwanahawa hakupiga kelele alipotuona. Alimwita mganga wa mifupa, mguu ukanyooshwa na kufungwa vibanzi, akamlisha mwanawe uji kwa mkono wake mpaka akalala. Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Nilijua nitaambiwa nina mkosi.

Akaniuliza, "Alikuwa anasinzia?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Ulimwona?"

Nikamwambia nilimwona, na kwamba nilikohoa.

Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, heshima gani hii inayotaka kunizikia mtoto? Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo wenyewe ndio huu. Mimi leo asubuhi nilisema mara moja nikakata tamaa. Nawe hukusema hata mara moja. Tumekosa wote wawili."

Hapo akaanza kulia, nami nikalia, tukashikana. Tangu siku ile hakuwa mama mkwe kwangu, alikuwa mama.

Mkude alikaa ndani miezi minne, na mguu ulipona kwa kupinda. Alipopata punda mwingine, tuliondoka tena. Kwenye mteremko wa pili nikamwambia asimame afunge gogo. Akasema ni kilima kidogo tu. Nikamwambia basi nishushe, nitateremka kwa miguu. Akasimama, akafunga gogo, akaninunia mpaka Mkuyuni. Jua lilipotua akaleta muhogo wa kuchoma, akaumega, akanipa kipande kikubwa. Kununa hakuui mtu, wanangu. Miaka tuliyosafiri pamoja baada ya pale ni mingi, na aliponiacha aliniacha kwa ugonjwa wa uzee, kitandani pake, mkono wake umo mkononi mwangu.

Watu husema ajali haina kinga. Ziko kweli za namna hiyo, siwezi kubishana na Mungu. Lakini ile yetu ilikuwa na kinga zake, tena tele: usingizi wa usiku mmoja, gogo moja, neno moja la mke. Tulizipita zote kwa haraka na kwa aibu.

Kwa hiyo wewe, mwanangu, lala leo mapema. Rafiki zako wakija kukuita nitawaambia mimi mwenyewe umelala. Kagua breki na matairi kabla ya kupakia, si baada. Macho yakiwa mazito, weka lori kando, ulale hata kama tajiri mwenye mzigo anangoja na mvua inakuja. Kawia ufike. Na mkeo akisema "simama", simama kwanza, ubishi uje gari likiwa limetulia.

Na wewe Zena, mwanangu wa kike, aliyekaa karibu na dereva naye ni dereva. Usikohoe. Sema. Asiposikia, sema tena, na akinuna mwache anune.

Basi leteni mikono yenu hapa. Mwenyezi Mungu awatangulie barabarani, awape macho yasiyochoka na ndimi zisizoogopana. Aliyewakutanisha awalinde milimani na mabondeni. Nendeni wawili, fikeni wawili, mrudi kwangu wawili, au watatu akipenda. Amina.