Miezi Mitatu Niliyokaa Hengbin

Nilijua siku nane kabla ya ile simu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba nilijua papo hapo simuni, pamoja na wengine, na nimelisema hilo kwa uso mkavu hata mbele ya mume wangu. Si kweli. Siku nane nzima nilijua kwamba Hengbin na Yokohama ni mji mmoja, nikanyamaza, na binti wa watu akaendelea kulia Unguja.

Chanzo chake ni kazi ya darasani. Nilikuwa Guangzhou kwa ufadhili, mwaka wa pili wa kujifunza Kichina, miaka ile ambayo ukirudi kutoka likizo unakuta ghorofa limeota pale ulipokuwa ukinunua matunda. Mwalimu wetu alitaka kila mmoja azungumzie mji wa pwani. Nilichagua Hengbin, Japani, kwa sababu kitabuni sura yake ilikuwa fupi kuliko zote. Niliisoma kwa Kichina, nikaikariri kwa Kichina, nikapigiwa makofi. Kwamba Wachina husoma majina ya Kijapani kwa matamshi yao wenyewe, maana herufi ni zile zile, nilifundishwa wiki ya kwanza. Sikulitumia somo hilo hata mara moja.

Jumamosi nilikuwa mkalimani wa mama mmoja wa Kizanzibari. Alikuwa na ofisi jengo la Tianxiu, na tulikuwa tukienda pamoja mtaa wa Yide Lu kununua midoli kwa jumla. Aliniita mwalimu kwa kuwa nilimfundisha kuhesabu kwa Kichina. Tukirudi, tulikula pilau ofisini.

Siku moja, tukila pilau, nikamsimulia habari za Hengbin. Kwamba kilikuwa kijiji tu, mpaka Wamarekani walipokuja na manowari zao kuilazimisha Japani ifungue milango. Kwamba wageni walijenga nyumba zao juu mlimani, biashara ikabaki chini bandarini. Kwamba tetemeko liliuangusha mji, na wenyeji wakamwaga kifusi baharini, juu yake wakatengeneza bustani ya kupunga upepo. Lakini lililomnasa mama lilikuwa la taka. Nilimwambia kila aina ya taka ina siku yake ya kutolewa, na ukichanganya, mfuko wako unaachwa pale pale, majirani wauone.

"Wanakusuta kwa taka zako!" Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Huo ndio mji wa watu wenye haya. Na wewe ulikaa huko muda gani, mwalimu?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: sijafika.

"Miezi mitatu," nikasema, nikaomba kachumbari.

Mwaka uliofuata bintiye aliolewa na bwana aliyekuwa akikagua magari yaliyotumika kabla hayajapakiwa melini kwenda Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa Yokohama, na mke alikuwa amfuate.

"Yokohama na hiyo Hengbin yako, mbali?" mama akaniuliza.

"Mbali sana, mama. Yokohama ni bandari ya magari tu. Si pahala pa kumweka mtoto wa mtu."

Mpaka leo sijui maneno yale niliyatoa wapi. Jina la Yokohama nilikuwa nimeliona kwenye karatasi za magari, basi.

Mama akampigia mkwewe: apange nyumba Hengbin, ama mke abaki kwao. Yule bwana akauliza kazini, akauliza majirani, akaleta jibu kwamba Japani hakuna mji wa jina hilo.

"Hakuna!" mama akaniambia, macho yamemtoka. "Mwalimu kakaa miezi mitatu, yeye ananambia hakuna! Unajua maana yake? Ana mke huko Hengbin!"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Safari ya binti ikasimamishwa, mabegi yamekwisha kufungwa, na talaka ikaanza kutajwa.

Ndipo nikaingia duka la vitabu kutafuta kamusi, nikajikuta mbele ya ramani ya Japani. Herufi mbili nilizozijua vizuri, na chini yake, kwa herufi ndogo za Kilatini: Yokohama. Nikafungua ramani nyingine, nikitumaini wachapaji wamekosea.

Kila siku nilikwenda Tianxiu na sentensi yangu nimeshaipanga. Kila siku mama alinitambulisha kwa wateja: "Huyu ndiye msomi wetu, kakaa Japani." Sentensi ikarudi tumboni. Nikajiambia mambo ya ndoa hayanihusu, na kwamba wakubwa watayamaliza wenyewe. Kusoma kwangu kote kulinisaidia kupata sababu.

Siku ya nane simu ikaita nikiwa pale. Mama akaiweka kwenye spika.

"Shikamoo, mama," alisema mkwewe. "Niko mkahawani, mtaa wa Wachina, hapa hapa Yokohama. Mwenye mkahawa ni mzee, anasema watu wake walitoka Guangdong, huko huko mliko. Mwalimu yupo? Naomba amuulize yeye mwenyewe Hengbin ni wapi."

Mama akanisukumia simu. Mzee alikuwa na lafudhi ya Kikanton, kama mwenye nyumba wangu. Nikamuuliza. Akacheka.

"Hengbin ndiko huku tunakokupigia simu, binti. Wajapani wanaiita Yokohama."

"Kasema nini?" mama akauliza.

Nikatafsiri neno kwa neno.

Mama alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama mzigo uliofunguliwa ukakutwa na vitu vingine. Nikasubiri. Akachukua simu.

"Mwanangu, nisamehe. Nimechanganya majina mimi. Mwalimu alinieleza sawasawa, mimi ndiye sikumfahamu. Mkeo anakuja wiki hii."

"Hakuna neno, mama. Alhamdulillahi."

"Mshukuru mwalimu."

"Ahsante sana, mwalimu," simu ikasema.

"Karibu," nikajibu.