Tundu la Nne kwenye Gari la Zahanati

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya waya, kipande cha gunia na agizo la kulala chali. Fomani wa karakana, Mzee Shabani, mtu wa mjini Mwanza na mtoto wa fundi, alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Bukoba. Akauliza kama huko Bukoba hakuna kazi za wanawake. Nikamjibu kwamba zipo, ila nimezifanya zote na nimechoka nazo. Mafundi wakacheka, yeye hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye lori lililoinuliwa juu ya magogo.

"Ingia uvunguni," alisema. "Ukitoka huko bado unaitaka kazi, njoo nikuandike."

Nilitoka alasiri, macho mekundu, kichwa kimejaa unga wa kutu. Nikamwambia naitaka. Akaniandika jina, Koku, akalikosea herufi, na mimi sikuthubutu kumsahihisha kwa miaka miwili.

Karakana ile ilikuwa ya serikali. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na gari jipya tulilisikia tu kwenye habari. Spea zilikuwa za kuota, rangi ilikuwa ya kuomba, kwa hiyo gari lililokuja nchini kabla ya Uhuru lilitunzwa kama ng'ombe wa maziwa. Siku hizi vijana mnayakusanya magari yale, mnayaita ya kihistoria na kuyapiga picha. Sisi tuliyafufua kwa sababu hatukuwa na mengine.

Kazi yangu ilikuwa kutu ya uvungu wa madigadi. Nisemapo uvungu nina maana ya lile pango ambamo tairi huzunguka. Hakuna anayeliangalia wakati wa kununua gari, na ndiko gari linakofia. Tairi hurusha matope, maji na changarawe humo mchana kutwa, na kando ya ziwa hewa yenyewe ina unyevu. Kwanza unaosha hadi maji yatoke meupe. Kisha unagonga na nyundo ndogo huku umetega sikio, maana chuma kizima hulia na chuma kibovu hutoa sauti ya debe. Kilichooza kinakatwa na kuchomelewa kiraka. Kilichobaki unakisugua kwa brashi ya waya, halafu msasa, mpaka uone rangi ya chuma chenyewe. Unafuta kwa petroli. Unapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, unaisubiri ikauke kabisa, na kukauka kabisa si kukauka kwa haraka ya mwenye gari. Mwisho unapaka lami iliyolainishwa kwa mafuta ya taa, mkono wa kwanza mwepesi, wa pili mzito. Ninyi wa leo mnapuliza rangi nyeusi juu ya matope na kumtoza mtu. Nimewaona, msibishe.

Kila asubuhi kabla ya kugawa kazi, Mzee Shabani alitukumbusha methali ileile: usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliishika kama mtoto anavyoshika katekisimu. Nikiona mwanya, naziba. Nikiona kitobo, naziba. Nilijiona mwanafunzi bora kuliko wote pale, na kusema kweli sikuwa mbali na hapo.

Mwaka wangu wa tatu lililetwa gari dogo jeusi la zahanati moja ya upande wa Ilemela. Mkunga wake, Sista Leokadia, aliliendesha mwenyewe. Alikuwa Mkerewe, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mlima. Gari lile ndilo lililowapeleka hospitali ya mjini kina mama walioshindwa kujifungua pale, na jingine halikuwepo. Juu ya kiti cha nyuma alikuwa amefunga mkanda wa ngozi kwa skrubu mbili zisizolingana, ili mama apate kitu cha kushika uchungu ukimzidi. Mkanda ule ulikuwa umeng'aa kwa viganja vya watu.

"Uvungu umetoboka," alimweleza fomani. "Mvua ikinyesha, maji ya barabara yanaingia hadi kwenye kiti. Kina mama wangu wanafika hospitali wamelowa kabla ya wakati wao. Nitengenezee, mzee wangu. Likinifia hili, sina la kuwabebea."

Mzee Shabani alinikabidhi mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa gari zima. Viraka alichomelea mwenzangu, mengine yote nilifanya peke yangu kwa wiki mbili. Nilipofika chini kabisa ya kila uvungu, pale bati la ndani linapokutana na la nje, nilikuta kitundu cha ukubwa wa penseli. Vinne, kimoja kila tairi. Nikavisikitikia. Nikachovya vitambaa kwenye lami, nikavishindilia humo kwa bisibisi, nikapaka juu mikono miwili mizito.

Mzee Shabani alikagua kwa tochi. Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti, jambo ambalo karakana nzima tulilijua na hakuna aliyelitamka. Alipapasa kwa kiganja, akatabasamu. "Hapa hata pumzi haipiti," alisema. Sista alinishika mkono wangu mweusi kwa mikono yake miwili. Sikumbuki siku nyingine niliyojisikia mtu kiasi kile.

Miezi michache baadaye nilipelekwa kambi ya barabara, Usagara, kutunza malori ya kubeba lami na kokoto. Msimamizi wa kambi alikuwa Mzee Masanja, Msukuma mtaratibu ambaye hakuwahi kupandisha sauti hata lori likiwaka moto. Asubuhi moja, masika yameshika kasi, alinikuta nashindilia kitambaa kwenye kitundu cha chini ya madigadi ya lori. Akachuchumaa.

"Mayu," alisema, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "hicho kitundu kimekukosea nini?"

Nikamwambia naziba kutu isiingie. Alichota maji kwa kikombe chake cha chai, akayamimina juu, kwenye ungio la mabati. Maji yakapotea, kisha yakatokea chini, kwenye kile kitundu nilichokuwa sijakimaliza. Akakiziba kwa kidole gumba, akamimina kikombe cha pili. Hayakutokea.

"Sasa yamelala wapi?"

"Ndani," nikasema.

"Na chuma kinacholala na maji?"

Mawazo yangu yalikuwa yameshafika Ilemela. Vile vitundu viliwekwa na waliolitengeneza gari, ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Mimi nilikuwa nimemfungia Sista vyote vinne, masika yameanza, na gari lake lilikuwa linaoza kutoka ndani huku kwa nje linang'aa kazi yangu. Nikamweleza Mzee Masanja. Akanipa ruhusa ya siku moja, akanikumbusha kwa upole kwamba jina langu liko kwenye orodha ya watakaopandishwa daraja, na kwamba mambo kama haya yakisemwa hayarudi mdomoni. Nikamwambia najua.

Nilipitia karakana kwanza. Mzee Shabani alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika nyundo, kisha akaiweka chini.

"Mimi ndiye niliyekagua," alisema.

"Lakini mimi ndiye niliyeziba, mzee."

"Na mimi ndiye niliyekufundisha kuziba bila kukufundisha cha kuacha. Chukua." Alinipa msumari wake mzito wa kutobolea, ambao hakuwahi kumwazima mtu. "Nenda kavifungue. Hayo mengine yangu."

Baadaye nilijua alichofanya. Kwenye fomu yangu ya kupandishwa daraja aliandika kwamba kosa lilipita kwa sababu mkaguzi haoni vizuri. Daraja langu likacheleweshwa mwaka mmoja tu. Yeye akahamishiwa stoo ya kugawa vifaa, na huko akabaki mpaka alipostaafu. Hakuwahi kunitajia, na kila nilipokwenda kumsalimia alinitania kuhusu Bukoba kana kwamba hakuna kilichotokea. Namkumbuka kwa heshima ambayo sijui kuipima.

Nilimkuta Sista Leokadia anafua mashuka ya zahanati. Nikamwamkia, nikamweleza yote nimesimama, macho chini. Akakunja uso, akafikiri.

"Kwa hiyo gari langu lina mimba ya maji," alisema.

"Ndiyo, Sista."

"Basi lizalishe."

Akaleta beseni yeye mwenyewe. Nikapiga jeki, nikatoa tairi la mbele kulia, nikagonga msumari. Kitambaa kiliporuka, yakatoka maji ya kahawia yenye magamba ya kutu, beseni likafika robo. Sista alichuchumaa pembeni yangu akiangalia kila ninachofanya, akiuliza maswali ya kikazi kabisa: tundu liko kona gani, lami ni nene kiasi gani, kwa nini napiga kwa kuinamisha. Nikarudisha tairi, nikaenda la mbele kushoto, kisha nyuma kulia. Chuma kilikuwa kimeanza kuchubuka lakini hakijaliwa. Nikajipa moyo kwamba nimewahi.

Nilikuwa naweka jeki kwenye tairi la nyuma kushoto alipofika mwanamume anasukuma baiskeli mbio, mkewe amekaa nyuma anashikiliwa na dada yake. Sista alimpima kwa mkono pale pale barazani. Mtoto alikuwa amelala mkingamo.

"Koku, toka chini ya gari," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikatoa jeki. Tukampakia mama, akaushika ule mkanda wa ngozi, gari likaondoka. Nilingoja hadi lori la mwisho la kuelekea Usagara lilipotaka kuniacha. Sista alikuwa hajarudi. Kambini nikakuta barua ya uhamisho: niripoti mara moja karakana ya vivuko, ng'ambo ya ziwa.

Sasa nitasema nisichowahi kusema mbele ya wanafunzi wangu. Ningeweza kurudi. Nilijiambia nitarudi Krismasi, nikajiambia nitarudi Pasaka. Nilikuwa naona aibu. Kukiri mara moja kulinichosha, na sikuwa na nguvu ya kwenda kukiri kwamba hata kurekebisha sikumaliza. Miaka mitatu ilipita. Nilipokwenda hatimaye, Sista alikuwa amehamishwa, gari limeuzwa, na mhudumu mpya hakujua chochote kuhusu hayo mawili.

Kwenye vivuko nilifanya kazi chini ya wakuu watatu, mmoja mkali, mmoja mlevi na mmoja mcha Mungu, na wote walishangaa kitu kimoja: sikumruhusu mwanafunzi kufungua kopo la rangi kabla hajanionyesha matundu yote ya kutolea maji, na kuyataja kuwa hayazibwi. Walidhani ni ukali wangu tu. Kila masika nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: sasa bati limevimba, sasa rangi imefura, sasa limetoboka. Na kila mara nilimwona mama ameketi nyuma upande wa kushoto, ameshika mkanda, maji yanamrukia miguuni. Mtu hustaafu kazi, lakini hesabu kama hiyo haina mafao wala tarehe ya mwisho.

Nilistaafu nikiwa mkaguzi, nikajenga Kiseke. Kabla ya masika yaliyopita akanijia kijana anayeitwa Renatus, mhandisi, ambaye hununua magari ya zamani na kuyarudisha katika hali yake. Alikuwa ameelekezwa kwangu.

"Shikamoo, bibi. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye uvungu."

"Marahaba. Uvungu ni wa gari. Mimi ni mwenye mgongo unaouma."

Alikuwa na gari dogo jeusi juu ya lori. Nilipochungulia ndani, juu ya kiti cha nyuma, sikukuta mkanda. Nilikuta skrubu mbili zisizolingana. Nikamwomba Renatus aliinue, atoe matairi yote na anitandikie gunia.

Alinisaidia kulala, akanipa tochi. Mbele kulia, tundu wazi, na alama ya msumari wa Mzee Shabani ubavuni. Mbele kushoto, wazi. Nyuma kulia, wazi. Kwenye la nne sikumulika kwanza, niligonga kwa kifundo cha kidole, nikiwa tayari kusikia debe. Chuma kililia.

Nikapapasa kwenye kona. Lami yangu ilikuwepo bado, nene, na katikati yake kulikuwa na tundu lenye kingo zilizoyeyuka, kama limetobolewa kwa kitu kilichopashwa moto. Si kazi ya fundi. Ndani yake umepitishwa mrija mfupi wa dripu, umekatwa mshazari kwa mkasi, umegeuka manjano na kukakamaa kama kijiti. Sista alikuwa ameona jinsi ninavyofanya mara tatu, na la nne akalifanya kwa alichokuwa nacho. Hakuningoja.

Nililia nimelala chali, machozi yakaingia masikioni.

"Bibi, umeumia?" Renatus aliinama.

Nikamwambia sijaumia. Nikamwambia asugue kila mahali mpaka aone chuma, apake nyekundu, asubiri, apake lami, lakini huo mrija asiuguse. Yeye ana daftari analoandika kila aliyewahi kulitengeneza gari, akauliza ni fundi gani aliyeuweka.

Nikamtajia Leokadia, na nikamwambia mbele ya jina aandike na kazi yake: mkunga.