Mwenye Jina Alikuwa Bwenini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jezi, soksi za mtu mwingine, na jina. Kocha Manyama, aliyekuwa na timu ya sekondari moja ndogo huko Butiama, alinitoa mwaloni Musoma nilikokuwa nabeba samaki, akanipandisha kwenye pikapu, na njia nzima hakuniambia habari ya mpira hata kidogo.

"Kuanzia sasa wewe ni Juma Wambura, kidato cha tatu. Sema."

Nikasema.

"Sema tena, kama mtu aliyezaliwa nalo."

Mimi shule niliishia darasa la nne. Kidato cha tatu nilikiingia mchana nikakitoka jioni ile ile, tumeshinda.

Vijana mnaijua kazi hiyo kwa jina la umamluki, na nawasikia mnaitania. Mamluki ni mchezaji anayeletwa kuchezea timu isiyo yake. Kwenye mashule na vyuo maana yake ni kucheza kwa jina la mwanafunzi wa kweli, ambaye sisi tulimwita mwenye jina. Siku ya mechi mwenye jina anafichwa, maana Juma wawili hawawezi kuonekana uwanja mmoja. Kabla ya mpira kuna ukaguzi: timu zinapangwa mstari, mwamuzi ameshika vitambulisho, anaita jina, unatoka hatua moja mbele, anaangalia picha, anakuangalia wewe. Mamluki mbovu anachelewa kuitika. Anasikia jina la mtu, anamsubiri huyo mtu aitike. Mimi sikuchelewaga. Ilifika mahali mama yangu mzazi akiniita Mafuru, jina langu, nanyamaza mpaka anirushie kata.

Baada ya Butiama nilihamia timu mbili tatu za Musoma, halafu nikachukuliwa Bunda. Huko ndiko nilikofanya ninachotaka kusema hapa.

Kilikuwa chuo kidogo cha uhazili, yaani cha kufundisha kazi za ukarani na kupiga chapa, upande wa Nyasura. Kilishafungwa. Wanafunzi wengi walikuwa wasichana, wavulana hawakuzidi kumi na wanne. Mkuu wa Chuo, Bwana Kitoki, alitaka kombe la vyuo ili watu wakijue chuo chake. Mwalimu wa Michezo, Masatu, ndiye aliyeambiwa alilete. Nawataja kwa sababu nimechoka kusikia ati "mambo yalikuwaga hivyo." Mambo hayakuwaga hivyo yenyewe. Kitoki alitaka, Masatu akapanga, mimi nikacheza.

Jina nililopewa lilikuwa Bwire Magesa. Mwenye jina alikuwa mvulana mpole wa Kibara, mshambuliaji, si mbaya. Timu ilipoundwa alikuwa ndani yake, jezi namba tisa. Masatu alimvua akanipa mimi, akabandika picha yangu kwenye kitambulisho cha Bwire, kisha akamwagiza anifundishe kuwa yeye. Wiki nzima tulikaa naye bwenini. Aliniambia majina ya ndugu zake, kanisa lao, baba yake ni mzee wa kanisa, na kijijini watu wakigombania nyavu wanaenda kwa huyo mzee. Akishasema, maneno yamekwisha. Akanifundisha sahihi yake. Mimi kalamu ilikuwa nzito kwangu kuliko tenga la samaki. Alinishika mkono kama mtoto.

Tulipomaliza akasema, "Basi kaka, nifungie mengi."

Sikujua kama ananitania. Mpaka leo sijui.

Msimu ule nilifunga kila mechi, na kila mechi Bwire alifungiwa bwenini kwa kufuli, ufunguo mfukoni mwa Masatu. Kwenye nusu fainali mwamuzi mmoja alinitilia shaka, mabega yangu hayakuwa ya mtu wa kukaa ofisini. Akaniuliza, "Wewe mhazili, unapiga maneno mangapi kwa dakika?"

Nikajibu, "Inategemea nagombana na nani."

Mstari mzima ukacheka, na yeye akacheka, akanipitisha. Jibu hilo nililisimulia miaka mingi vilabuni. Sasa silisimulii.

Fainali ilichezwa Musoma. Kulikuwa na spika, na mtu wa kutangaza majina wakati wa ukaguzi. Lilipotajwa la Bwire Magesa nikatoka hatua moja mbele. Hapo hapo nyuma ya kamba mzee mmoja aliyevaa koti la kanisani akapiga makofi, akawaambia waliomzunguka, "Huyo ni wangu." Alikuwa amekuja kutoka Kibara kwa lori la samaki. Watu waliotoka Bunda walimpelekea habari kwamba mwanawe anafunga mabao. Kisha akaniona. Mikono yake ikabaki hewani.

Kocha wa wapinzani alikuwa akitafuta kitu kama hicho msimu mzima. Akamshika mzee mkono, akamleta mpaka mbele ya mwamuzi.

"Mzee, mwanao ni yupi hapa?"

Mzee akauangalia mstari wetu, mmoja mmoja, mpaka mwisho. Akaurudia.

Masatu akaja amejaa heshima, akamsogeza mzee karibu yangu, mbali kidogo na mwamuzi. "Shikamoo mzee wangu. Tuelewane tu. Kama huyu siye Bwire, basi chuo hakina Bwire. Jina tunalifuta leo leo, na ada ndiyo imekwenda." Alisema kwa upole, kama anayemtakia heri. Halafu akaninong'oneza mimi, "Msalimie."

Ningeweza kukataa. Hakuna aliyeniwekea kisu. Ningesema naitwa Mafuru, ningefukuzwa uwanjani, kesho yake ningerudi mwaloni kubeba samaki. Badala yake niliinama, nikashika kifundo cha mkono wangu wa kulia kama anavyofanya mtoto kwa mzazi, nikampa mkono.

"Shikamoo baba."

Mzee alikaa na mkono wangu ndani ya wake. Mwamuzi akauliza, "Basi, ni wako ama si wako?"

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema. Kisha akamgeukia mwamuzi. "Ni hili jua, baba. Macho yangu siku hizi. Ni wangu."

Wapinzani wakazomea. "Mzee, kavae miwani." Yeye akarudi nyuma ya kamba, akasimama pale dakika tisini. Nilifunga mabao mawili. Kila nilipofunga watu walimpiga begani kumpongeza, naye aliitikia.

Mpira ulipokwisha alinifuata. Nilijua atanitemea mate.

"Bwire anakula vizuri?"

"Anakula, mzee."

"Yuko wapi?"

"Bwenini, Bunda. Wamemfungia."

Akatikisa kichwa polepole. "Mwambie nilikuja."

Sikumwambia. Tulirudi kwa nyimbo na pombe, Kitoki akapiga picha na kombe, msimu ukaisha, mimi nikaondoka na begi langu. Bwire aliisikia habari alipokwenda likizo, kutoka kwa majirani waliompokea kwa shangwe kwa mabao asiyoyafunga. Hakurudi chuoni. Kile ambacho baba yake alisema uongo ili kisipotee, kikapotea hivyo.

Niliendelea na kazi mpaka goti langu la kulia likaniachisha. Kustaafu kwa mamluki hakuna barua. Nina medali tatu, na vyeti viwili vyenye majina ya watu wengine. Masatu aliagwa kwa keki. Kitoki amejenga, anasalimiwa barabarani. Kwa miaka mingi nilijiambia wao ndio wenye dhambi, mimi nilikuwa mtu wa darasa la nne anayetumwa. Lakini kuinama hakutaki shule.

Mwaka jana nilikwenda kwa Bwire. Nilimkuta anachambua pamba uani. Baba yake alishazikwa. Vijana waliopita njiani walimwamkia, "Shikamoo mzee Mawili," naye akaitikia jina hilo la mabao yangu bila kuinua kichwa. Nikamwambia ujumbe wa baba yake, nilivyoagizwa. Akaacha pamba.

"Alikuja kwa lori, siyo?"

"Kwa lori."

"Hakuniambiaga alikuja kwa lori."

Nikamwambia nimekuja nitengeneze. Nitasimama kanisani kwao, nitasema wazi kwamba mabao ni yangu, na mzee alilazimishwa.

"Utasema nini?" akaniuliza. "Kwamba mzee Magesa alidanganya? Huku watu waligawana nyavu kwa neno lake. Wewe ukishusha mzigo wako, unaenda kuuweka juu ya kaburi lake." Akarudi kwenye pamba yake. "Nenda, kaka. Mabao nimeshayazoea."

Nilikwenda. Lakini sikuweza kunyamaza kabisa, ndiyo maana nimeandika. Masatu ni Masatu, Kitoki ni Kitoki, na mimi ni Mafuru. Ya mwenye jina nimeyabadilisha: Kibara siko kwao, wala mabao hayakuwa mawili, na Bwire Magesa silo jina lake. La kweli nililitumia msimu mzima. Silitumii tena.