Nilifuta system apps nikiwa treasurer wa mazishi ya baba mdogo

Wakuu, salamu kutoka Nakuru.

Mimi humu ni wa kusoma tu, kuchangia ni mara moja moja. Lakini nimeona uzi wa jamaa anajigamba ametoa app zote za takataka kwenye simu yake aliyoiroot, na watu wamejipanga kumuomba list. Nimeshindwa kunyamaza.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sina haja ya kuongeza chumvi, maana hata bila chumvi watu wangu wa damu hawajaniamini. Labda nyinyi msionijua mtaniamini.

Nitaeleza polepole ili hata asiyejua mambo ya root afuate.

Naishi Lanet, nauza spea za pikipiki mjini. Simu ni ugonjwa wangu wa pembeni. Hii yangu niliiroot siku nyingi. Kwa asiyejua, kuroot ni kujipa ruhusa ya kuingia mpaka mahali mwenye kiwanda hakutaka uingie. Unaweza kufuta hata zile app zilizokuja na simu, zile ukizibonyeza zinakataa kutoka.

Tena nilikuwa nimehamia eSIM, laini isiyo na kadi. Ile sehemu ya kuingiza kadi ilikuwa imevunjika, nikaona huo ndio ujanja. Laini ikawa iko ndani ya simu yenyewe, hakuna cha kuchomoa. Nilikuwa wa kwanza kwa familia kuwa nayo na nilijisikia sana.

Kisha baba mdogo akatuacha.

Alikuwa ndugu wa mwisho wa baba yangu. Ndiye aliyenifunza kuendesha baiskeli, baadaye pikipiki, na baba alipofariki yeye ndiye alisimama mahali pake. Sitasema mengi hapo.

Babu alikuja Nakuru na kazi ya reli, sisi wote tumezaliwa huku, lakini mtu wetu akifa lazima arudi magharibi azikwe nyumbani. Hiyo maana yake ni kamati. Kila jioni tulikutana kwa marehemu hapa Lanet, chai, maombi, kisha michango ya mochari, jeneza, gari la mwili na basi la watu.

Treasurer nikachaguliwa mimi. Sikuomba. Walisema sinywi pombe na nina kazi.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuna aliyeitaja. Mazishi yaliyotangulia, treasurer alikuwa binamu yetu mmoja. Siku ya kulipa mochari akasema simu imeanguka chooni. Mpaka leo simu haijatoka huko, na michango pia haijatoka. Kwa hivyo kwetu ukisema simu imeharibika, watu wanaangaliana.

Michango yote iliingia kwa laini yangu. Kamati iliamua pesa zikae mahali pamoja mpaka mkutano wa mwisho Jumapili, ndipo nimtumie mwenyekiti zote, na Jumatatu alfajiri alipe mochari tuondoke.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Eliakim, binamu mkubwa wa baba, headmaster aliyestaafu. Huyo mzee alinipigia kila saa kuuliza nani ametuma na nani bado. Group ya WhatsApp nayo ilikuwa inalia mchana kutwa. Simu ikaanza kuganda. Unabonyeza, inawaza kwanza kama imeulizwa swali gumu.

Jumapili baada ya kanisa nikasema niisafishe kabla watu hawajafika. Niwe na simu ya kufanya kazi ya watu vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, na ndiyo inaniuma mpaka leo.

Nikachukua list kwenye website moja ya nje. Juu imeandikwa salama kufuta. Majina yenyewe yako kwa ile lugha ya code, com nukta sijui nini. Nikaiweka yote kwenye app ya kufutia, nikabonyeza select all, nikafuta.

Ndani ya ile list kulikuwa na com.android.stk. Maelezo yake, watu wengi hawaihitaji.

Watu wengi wa wapi, wakuu? Hiyo ni SIM Toolkit. Ndiyo menu ya laini. Huko kwao ni takataka kwa sababu pesa zao ziko kwa kadi ya benki. Huku kwetu mtu analipa maziwa, nauli, sadaka na mochari kwa hiyo menu. Na ile app inayosimamia eSIM ilikuwa imeandikwa ni ya wanaosafiri nje. Nayo ikaenda.

Hapa nitulie kidogo niwaambie wale wa kiufundi. Ningezizima tu kwa user wangu, zingebaki kwenye system na ningezirudisha kwa command moja. Mimi nilizifuta kabisa kwa root. Backup hakuna. Najua mnachotaka kusema.

Nikarestart. Simu ikawaka haraka sana, nikafurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Nikataka kuangalia balance ya michango. Menu hakuna. Juu pale kwa network, hakuna laini. USSD, zile code za nyota na reli, haiendi, calls haziendi. Ile app ya pesa nayo haijawahi kukubali simu iliyorootiwa.

Nikaanza kutafuta app hizo mtandaoni kwa hotspot ya simu ya mama. Mama alikuwa amekuja kutoka Gilgil kwa ajili ya mkutano. Nikapata apk, yaani faili la app lenyewe, nikainstall kama app ya kawaida. Ikaingia lakini haina nguvu, kwa sababu app ya mfumo lazima ikae kwenye folder ya system na ipewe ruhusa zake. Nikaihamisha kwa root nikaiweka kwenye priv-app, ndilo hilo folder, nikarestart.

Bootloop. Logo inakuja, inazunguka, inazima, inakuja tena.

Baadaye nilielewa kwamba app ya mfumo ikikosa jina lake kwenye faili la ruhusa, simu inakataa kuwaka. Wakati huo sikuelewa chochote, na viti vilikuwa vinapangwa nje.

Mkutano ukaanza kwa maombi. Mzee Eliakim akashukuru watu, akasema sasa treasurer atuambie tumefika wapi, kisha atume.

Nikasimama. Nikaeleza vile nimewaeleza nyinyi, ila nyinyi mnajua bootloop ni nini. Jaribuni siku moja kueleza bootloop kwa watu waliokuja kwa matanga. Nikainua simu waone logo ikizunguka. Hakuna aliyeiangalia simu. Waliniangalia mimi.

Mzee Eliakim alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Toa laini uweke kwa yangu," akasema.

"Laini yangu haina kadi, mzee."

"Laini haina kadi."

"Ndiyo. Inaitwa eSIM. Iko ndani ya simu."

"Na simu imekufa."

"Haijakufa mzee. Inazunguka."

Kuna mtu alicheka huko nyuma. Mama mdogo, mjane mwenyewe, akajifunika uso na leso. Sikujua kama analia ama anaona aibu kwa niaba yangu.

Nikasema kesho ofisi za laini zikifunguliwa nitaenda wanipe kadi. Mzee akaniuliza kama mochari itangoja ofisi, na kama basi litangoja. Hakupaza sauti. Alizungumza na mimi vile alivyokuwa akizungumza na wanafunzi waliosema kazi ya nyumbani imeliwa na mbuzi.

Mama alinifuata nyuma ya nyumba, mahali pa kupikia. Alingoja wamama waliokuwa wakisonga ugali waondoke.

"Kijana yangu, hapa tuko wawili," akasema. "Kama umekula, sema. Nitauza ng'ombe tulipe na hakuna mtu atajua."

"Mama, sijakula."

"Hata binamu yako alisema hivyo."

Wakuu, nimepita mengi. Huyu ni mama yangu. Ananijua tangu nikiwa mtoto wa kuogopa kuchukua sukari bila kuulizwa. Na alikuwa ananiuliza kwa upendo, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Hakuwa amekasirika hata kidogo.

Kule mbele walichanga upya. Waliokuwa wamechanga wakachanga tena, wengine kwa kukopa. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia wakitoa simu zao, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyenigeukia.

Jumatatu alfajiri nilifika na begi langu kupanda basi. Mzee Eliakim akaniambia, "Wewe baki utafute laini yako." Mwili wa mtu aliyenilea ukaondoka Nakuru mimi nikiwa nimesimama kando ya barabara.

Sasa wale mliokuja kwa sababu ya root, hii ndiyo sehemu yenu.

Usihangaike na apk za kuokota. Tafuta firmware nzima ya model yako, yaani mfumo wote wa simu kama ulivyotoka kiwandani, version ileile iliyo kwenye simu, nambari kwa nambari. Mimi nilianza kuidownload kwa laptop Jumapili usiku na bundles za kukopa, ikamaliza asubuhi. Nikaflash, yaani nikaiandika upya kwenye simu, upande wa system peke yake bila kugusa data, kwa sababu ukifanya factory reset eSIM nayo inaweza kufutika. App zikarudi na ruhusa zake zote. Root ikapotea, na iende.

Simu ikawaka kabla hata ofisi za laini hazijafunguliwa. Network ikasimama. Menu ikaonekana. Kisha messages zikaanza kuingia mfululizo, watu waliokuwa wametuma michango tangu jana na kukosa jibu.

Kila kitu kilikuwepo, wakuu, hakuna hata shilingi iliyokuwa imetoka. Nililia peke yangu pale kitandani, mtu mzima.

Nikamtumia Mzee Eliakim pesa zote kwa mpigo, nikampigia. Walikuwa njiani, nasikia watu wakiimba nyuma yake.

"Imefika," akasema. Halafu akauliza, "Umekopa wapi?"

Nikamwambia sijakopa, ni michango yenyewe, laini imerudi. Akasema sawa, tutaongea, tuko kwa mlima network ni mbaya.

Nikatoa statement nikaiweka kwenye group. Inaonyesha wazi michango ilivyoingia na ilivyokaa bila kuguswa. Watu waliona, alama za bluu zikajaa. Hakuna aliyejibu mpaka Phanice, binti wa marehemu, alipoandika kwamba mtu anayeweza kuingia ndani ya simu akafuta vitu vya kiwanda, statement ya kutengeneza itamshinda?

Watu wakaweka amina. Kwa hiyo message, amina.

Hapo ndipo nilielewa kwamba nimekwisha. Yule binamu wa choo hakujua kitu kuhusu simu, ndiyo maana uongo wake ulikuwa mfupi na watu walimchukia kwa siku chache tu. Mimi niliyekuwa nikiwatengenezea simu bure, nikiwarudishia picha zilizopotea, nikifungua patterns walizosahau, ujuzi huohuo ndio ulikuwa ushahidi dhidi yangu.

Nilifuata kwa gari la abiria nikafika mazishini. Nilitupa udongo wangu kama wengine. Mochari ilikuwa imeshalipwa na mchango wa pili, kwa hivyo ile michango niliyotuma ilienda kwa mama mdogo na ninafurahi, maana imemsaidia. Katika shukrani walimtaja kila mtu wa kamati, mpaka aliyeleta viti. Kiti cha treasurer kikarukwa.

Somo ni hili, na sitalirefusha. List ya kufuta app iliyoandikwa na mtu ambaye maisha yake hayako kwenye laini si list yako. Zima, usifute. Weka firmware ya simu yako mahali kabla ya kugusa chochote. Na kama umeshika michango ya watu, simu yako si yako mpaka siku umeikabidhi. Shika kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, ukitaka, lakini usichokore.

Nilidhani yameishia hapo. Sasa sikilizeni ya Jumapili iliyopita.

Nilienda Gilgil kumwona mama, tukaenda kanisani pamoja. Wakati wa ushuhuda akasimama. Mama si mtu wa kusimama. Akashukuru Mungu kwa kumfikisha shemeji yake nyumbani salama. Kisha akasema ana shukrani ya pili, kwamba kijana wake alijaribiwa na shetani wakati wa msiba, akashika kitu kisicho chake, lakini Mungu akamgusa moyo akarudisha chote kabla jua halijapanda.

Kanisa zima likasema amina. Wamama wakageuka kuniangalia, wanatabasamu. Mmoja alinyoosha mkono akanishika bega.

Mama aliketi akifuta machozi, akaniegemea. Sijamwona na furaha hivyo tangu baba afariki. Nilitaka kumwambia ukweli, nikampa leso yangu.

Tukitoka nje pastor akanisalimia kwa mikono miwili. Ameniomba Jumapili ijayo nisimame mwenyewe nitoe ushuhuda, ili vijana wengine wajifunze kurudisha. Mama ameshaitikia kwa niaba yangu na ameanza kuwaalika majirani.

Kwa hivyo wakuu, mambo ya firmware niulizeni, nitajibu kila mtu. Lakini mimi pia nina swali, na mtu yeyote mwenye jibu aliandike hapo chini. Jumapili nikisimama mbele ya mama, niseme nini?