Nyumba Iliyotazama Barabara

Mume wangu alijenga nyumba ili ionekane, na nilimwambia hivyo tangu siku ya kuchimba msingi. Kiwanja chetu kiko Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Enzi zile serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na kila mwenye duka la spea kama yeye alikuwa akishusha vioo vya rangi kutoka ng'ambo ya mpaka wa Namanga. Fundi alimshauri aigeuze nyumba: sebule iangalie mlima, paa litokeze likinge jua, na juu ya madirisha yaachwe matundu ya hewa. Mume wangu akacheka.

"Desemba Wachaga wote wa Nairobi wanapita hapa kwenda nyumbani. Waone nini, mgongo?"

Basi nyumba ikatazama barabara, na jua la alasiri likaingia lote. Paa lilikatwa fupi lisifiche vioo. Madirisha machache yaliyofunguka tuliyafunga kwa sababu ya vumbi la mabasi. Mchana ukipamba moto, siagi mezani inageuka mafuta. Mh! Nilisema mpaka nikachoka, kisha nikaomba kitu kimoja tu: kibanda changu cha kushonea nikipange mwenyewe.

Nikakijenga nyuma, kikiangalia Mlima Meru. Kuta ni za tofali za kuchoma, na huko juu fundi aliacha nafasi kati ya tofali na tofali ili joto litoke. Bati likatokezwa mpaka nikapata kibaraza chenye kivuli kutwa. Maji ya mvua yalishuka kutoka paani hadi kwenye tangi, nami nikayamwagilia mapasheni niliyoyatambaza upande wa jua. Mume wangu alikiita banda la kuku. Mimi nilikuwa na nguo za watu za kumaliza.

Kisha mama mkwe akafariki. Mume wangu ni kitinda mimba, na kwetu Uchagani kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi. Akishindwa, ukoo mzima utamsema mpaka anaingia kaburini. Baba mkwe alikuwa na pumu, na kule Machame angebaki peke yake kihambani, kwenye shamba la ukoo, hana hata wa kumwashia moto. Tukamleta Januari, tukampa chumba cha mbele, kizuri kuliko vyote.

Hakulalamika. Ila kila mchana nilimwona anakuja kibandani na kigoda chake.

"Shikamoo, Baba. Mbona hupumziki ndani?"

"Marahaba, mama. Hapa napumua."

Siku moja akakokota godoro lake mpaka pale, kando ya cherehani. Mume wangu aliporudi akawaka.

"Loo! Baba yangu alale kibandani kama mlinzi? Watu watasemaje?"

Akalirudisha godoro, akanunua na feni. Umeme wa mgao, feni ikageuka pambo. Jumamosi iliyofuata, mchana, mzee akafunga begi lake.

"Nirudisheni Machame, mama," akaniambia. Nikatuma mtu dukani.

Mume wangu akaacha duka akaja mbio. "Baba, nimejenga nyumba inayosifiwa barabara nzima. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nyumba ni nzuri, nimeiona. Ila nikifa, heri nife napumua."

Mume wangu akakaa kitandani. Hakuwahi kukaa chumba kile saa za jua, maana saa hizo huwa dukani. Jasho likamtoka, huku anasikia kifua cha baba yake kinavyopiga mluzi. Nilikuwa na hasira naye, wallahi, lakini nilimhurumia.

Akalichukua begi. Nikajua safari imewadia. Kumbe anakwenda nyuma.

"Hamisha vitambaa vyako," akaniambia.

Akabeba kitanda, mimi nikabeba godoro. Cherehani yangu ikaenda chumba cha vioo, na huko nilitoa jasho mpaka mvua za Machi.

Alasiri ile nikachungulia kibandani. Mzee alikuwa usingizini, anapumua bila ule mluzi. Mume wangu amekaa sakafuni kando yake, duka amelisahau, analia.